Lethi kulika upande mmoja: kabla ya kuhadeni bedi angalia mzigo unakaa wapi

Mkuu swali lako ni zito na naona majibu mengi yameishia kwenye "hadeni bedi utapona", yaani fanya chuma cha bedi kiwe kigumu, kwangu mimi hilo ni jibu la theluthi moja tu. Kwa faida ya wanaopita: mdau anasema lethi yake (mashine ya kukereza chuma) ikikereza karibu na chaku, ile inayoshika na kuzungusha kazi, kipenyo kinatoka kikubwa kuliko akikereza katikati ya bedi (ule mwili mrefu wenye reli), akikaza gibu (kipande cha kubana plei) ili kareji, ile inayobeba kisu juu ya reli, isicheze pale karibu na chaku basi akiipeleka upande wa telistoki, yaani ncha nyingine ya bedi, inakwama, na anauliza kama mtu angepewa nafasi ya kuibuni upya au kuiboresha hiyo aliyonayo angebadilisha nini ili isilike upande mmoja. Mimi nakereza na nafufua mashine za aina hii miaka mingi sasa, nimenyanyua kareji nyingi na kuangalia chini yake, kwa hiyo ngoja niandike kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Tuanze na kwa nini inalika hovyo. Kuna kanuni ya Archard, ya mwaka 1953, mpaka leo ndo inatumika kukadiria vitu vinavyosuguana. Kwa lugha nyepesi inasema chuma kinachoondoka ni mzigo mara umbali uliosuguana, gawanya kwa ugumu wa hicho chuma, alafu kuna namba ya kuzidishia ambayo inabeba hali ya oili na uchafu. Sasa angalia, ukihadeni bedi nzima sawasawa umegusa ugumu tu. Mzigo bado umelala upande wa mbele, umbali bado unarundikana karibu na chaku maana kazi nyingi za kila siku ni fupi, bushi, pini, flenji, kareji inaenda na kurudi kwenye kipande kilekile cha bedi na kipande cha kule mwisho kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo umbo la kulika litakuwa lilelile, litachelewa tu kufika. Kuchelewa ni kuzuri, sikatai, ila wewe umeuliza kuhusu kulika KUSIKO SAWA na hapo ugumu peke yake hausaidii.

Na usitegemee oili itakuokoa yenyewe kama inavyookoa bearingi. Piga hesabu, fidi (mwendo wa kisu) ya milimita 0.1 kwa mzunguko na spindeli, mhimili unaozungusha chaku, inazunguka 500 kwa dakika, kareji inatembea milimita 50 tu kwa dakika. Kwa mwendo huo oili haijengi ule utando wa kuinua chuma juu ya chuma, vilele vya pande zote mbili vinagusana muda wote wa kukata. Ndo maana reli za lethi zinalika hata kwa fundi anayepaka oili kila asubuhi.

Sasa kitu ambacho naona watu hawakizungumzii kabisa, na kwangu ndo moyo wa suala lote: kulika hakuna ubaya sawa kila upande. Kuna kulika ambako kazi yako haitakuja kukuonyesha maisha yote na kuna kulika kwa kiasi hichohicho ambako kunakuharibia kila kipande.

Chukua mfano. Kisu kimeshuka chini ya senta (mstari wa katikati ya kazi) kwa milimita 0.1 kwa sababu reli zimelika. Unakereza shafti ya kipenyo 30. Nusu kipenyo kipya ni kipeuo cha pili cha jumla ya 15 mraba na 0.1 mraba, ukipiga inaongezeka kama milimita 0.0003, kwenye kipenyo hiyo ni kama 0.0007. Hakuna maikromita ya karakana itakayokuonyesha. Sasa chukua hali ya kweli, reli ya mbele imelika 0.10 na ya nyuma 0.02, tofauti ni 0.08. Kama reli zimeachana milimita 200 kareji inainama kwa mbele, na kisu kiko juu ya reli kama milimita 150, kwa hiyo ncha ya kisu inarudi upande wako kwa 0.08 gawanya 200 mara 150, unapata 0.06. Kipenyo kinaongezeka 0.12! Ile ya kushuka wima ni zaidi ya mara mia ndogo kuliko hii ya kuinama. Na hiyo 0.12 ndo inafanana kabisa na ugonjwa unaousimulia, kipenyo kikubwa karibu na chaku.

Kwa hiyo mbunifu mwenye akili haanzi kwa kuuliza "nitazuiaje isilike". Anauliza ikilika kisu kitaenda wapi, na je naweza kufanya mbele na nyuma zilike kwa kiasi kinachokaribiana ili kareji ishuke bila kuinama. Lethi ikishuka 0.1 sawasawa mbele na nyuma utakuwa na shida ya aproni (sanduku la gia mbele ya kareji) na lidi skrubu (skrubu ndefu ya kukatia nyuzi), nitaigusa chini, ila kipenyo chako kitabaki vizuri.

Haya, kwa nini mbele ndo inakula zaidi. Kisu kiko upande wako, nguvu kubwa ya kukata inasukuma kisu chini, kuna ya pili inayorudisha kisu nyuma kuelekea kwako, na ya tatu inayokisukuma kuelekea telistoki. Ile ya chini ndo kubwa kuliko zote, hizo nyingine mara nyingi ni nusu yake au pungufu kutegemea pembe za kisu. Ongeza uzito wa aproni ambao wote unaning'inia mbele. Jumlisha unaona mshale wa mzigo unaelekea chini na mbele, unatua karibu na reli ya mbele, wakati ya nyuma inabeba kidogo sana, na ukikereza kitu cha kipenyo kikubwa kisu kinaweza kutoka kabisa nje ya reli ya mbele, hapo nyuma kareji inataka kunyanyuka na inashikiliwa na lile bamba la chini ya bedi tu. Yaani ni kama kiatu cha mtu anayekanyagia upande, hata ubadilishe soli iwe ngumu kiasi gani kisigino kitaisha upande uleule.

Marekebisho ya disaini hapo yako wazi. Kwanza bedi iwe pana, reli ya mbele isogee nje ili mshale wa mzigo uangukie ndani ya reli mbili kwa kazi nyingi badala ya juu ya reli moja. Pili eneo la reli lisigawanywe sawa, mbele pawe papana zaidi maana pana mzigo zaidi, lengo ni shinikizo kwa kila sentimita ya mraba likaribiane mbele na nyuma. Tatu, ile V ya mbele, yaani reli yenye mgongo wa V iliyogeuzwa, isiwe na mabega sawa. Fikiria kareji inasukumwa chini na kuja kwako, bega la V linalobeba ni lile la ndani, linalotazama nyuma ya mashine. Bega hilo linatakiwa liwe pana na pembe yake ikae karibu na kuukabili ule mshale moja kwa moja, bega la nje liwe jembamba na la wima zaidi, kazi yake kuzuia tu. Wapo watengenezaji waliofanya hivyo na ukikutana na mashine yenye V ya mabega tofauti ujue mtu alikaa chini akafikiri. V yenye mabega sawa ni rahisi kusaga kiwandani, faida yake kubwa ni hiyo.

V yenyewe naipenda, nisieleweke vibaya. Ikilika inashuka na kujikalisha yenyewe bila kuacha plei ya pembeni, na chenga za chuma zinateleza kwenda chini, hazikai juu kama kwenye reli bapa. Mseto wa V mbele na bapa nyuma ni mzuri kwa sababu sehemu moja tu ndo inaongoza, nyingine inabeba.

Sasa tuje kwenye urefu wa sadeli, yaani ile kasti (chuma cha kumimina) ya chini ya kareji inayokalia reli. Lethi nyingi za bei nafuu zina sadeli fupi, unakuta mabawa yake yamekatwa ili kisu kifike karibu na chaku bila kugonga hedistoki (kichwa kinachobeba spindeli). Nikinyanyua sadeli za namna hii nakuta picha ileile. Katikati ya uso wa chini alama za kukwangua za kiwandani bado zinaonekana, zile vimraba vidogo vidogo vinavyong'aa kwa zamu, kana kwamba hakuna kitu kimegusa hapo. Ukisogea kuelekea ncha alama zinaanza kufifia, mwisho zinaisha kabisa na uso unakuwa laini kama kioo, wa kijivu, na ukiweka rula ya chuma yenye makali yaliyonyooka unaona mwanga unapita chini kwenye ncha. Kwenye kona ya mbele kushoto ndo mbaya zaidi, unakuta michirizi inayofuata urefu wa reli na uji mweusi mzito, huo uji ni oili iliyochanganyika na unga wa chuma, ukiusugua kati ya vidole unasikia chembe. Sadeli imekuwa kama upinde, inabembea. Ukikaza gibu unaibana ibembee kidogo ila haijakaa.

Hiyo inatokana na jinsi inavyovutwa. Raki (fimbo yenye meno) iko mbele nje ya reli, pinioni (gia ndogo) inavuta kareji kutoka hapo, lakini upinzani uko kwa kisu na kwa msuguano wa reli ya nyuma, kwa hiyo kila fidi inapoingia sadeli inataka kujizungusha kidogo ukiiangalia kutoka juu. Uzito unaenda kwenye kona mbili za mshazari. Sadeli ikiwa fupi kuliko upana wake hali inakuwa mbaya, kama umewahi kuvuta droo pana na fupi kwa kushika upande mmoja unajua inavyogoma. Dawa ni nne na zinafanya kazi pamoja: sadeli iwe ndefu, kwangu isipungue mara moja na nusu ya umbali wa reli zake na ikifika mara mbili bora zaidi, bawa la kushoto lipite chini ya chaku badala ya kukatwa, uongozaji wa pembeni ufanywe na reli moja ya mbele tu na siyo kwa kubana mbele na nyuma kwa pamoja, na nguvu ya kuvuta iletwe karibu kadri inavyowezekana na hiyo reli inayoongoza. Hili la mwisho wengi wanalipuuza. Ukiweza kuingiza raki chini ya reli ya mbele badala ya kuiweka nje kabisa, unapunguza mkono wa kuzungusha bila kuongeza gharama kubwa.

Jambo la uchafu sasa, na hapa naomba tuwe makini maana kuna imani moja imeenea kwamba ukiweka laini juu ya ngumu basi laini ndo italika daima. Si kweli mbele ya chembe. Chembe ya msasa au mchanga wa kasti ikiingia kati ya sadeli laini na bedi ngumu inazama kwenye ile laini, inashikwa hapo, alafu inaanza kumkwangua mgumu. Ndo kanuni ya leping, unatumia shaba au kasti laini kubeba unga na kusaga chuma kigumu. Kwa hiyo bedi iliyohadeniwa bila waipa (kifutio cha reli) nzuri inaweza kulika na sadeli ikabaki inaonekana nzima, nimeziona mashine hizo na mwenyewe anashangaa.

Waipa ya kiwandani mara nyingi ni kipande cha felti kimebanwa na bati na skrubu mbili, kikishajaa uchafu chenyewe kinakuwa msasa. Disaini inayofaa ina tabaka: mbele kabisa kipande cha shaba kisichogusa reli ila kiko karibu sana, kinatoa chenga ndefu na za moto, nyuma yake mpira unaostahimili oili wenye mdomo mkali unaogusa reli, alafu nyuma yake felti iliyolowa oili, na hii felti ilishwe oili kutoka ndani ili oili iwe inatoka nje muda wote, siyo kusubiri mtu aje na kopo. Waipa ziwe pande zote nne za sadeli na zitoke bila kufungua kareji, maana kitu kigumu kutoa hakisafishwi. Hii ndo boresho la bei ndogo kuliko yote kwenye lethi na ndo linaloongeza umri kuliko yote, nasema hivi kwa uhakika.

Pale karibu na chaku ongeza kifuniko. Bati jembamba la chuma cha springi lililofungwa kwenye bawa la sadeli linaloingia chini ya hedistoki linatosha, maana kipande hichohicho cha bedi ndo kinapata mzigo mwingi, umbali mwingi, na mvua ya chenga na kulanti (maji ya kupoozea), vyote kwa pamoja. Wabunifu wa lethi za CNC walilitatua hili kwa kuinamisha bedi nzima, digrii 30, 45 au 60, chenga zinaanguka zenyewe kwenye kisanduku na reli zinafunikwa na mabati ya kuteleza. Kwa lethi ya mkono bedi ya mlalo inabaki kwa sababu ya urahisi wa kufikia kazi, ila angalau katikati ya bedi pawe wazi na mbavu za ndani ziwe za mshazari, chenga zipite chini na wakati huohuo bedi isijipinde. Mbavu za mshazari zinapambana na kupinda kuliko zile za kukatiza moja kwa moja.

Na jamani anayekereza kasti yenye ganda la mchanga au anayefunga grainda kwenye tuli posti (kishikio cha kisu) afunike bedi. Unga wa jiwe la grainda ndo adui namba moja. Pia acheni kupuliza na upepo wa kompresa, unaingiza chenga chini ya waipa moja kwa moja. Brashi na kitambaa.

Oili: tumia oili ya reli, ile ya VG 68 (namba ya uzito wa oili) inayonata, siyo ya injini. Ya injini imetengenezwa kubeba uchafu uelee ndani yake mpaka ufike kwenye filta, kwenye reli hakuna filta, uchafu unaelea hapohapo. Grisi usiweke kabisa kwenye reli za kareji, inashika chembe na haziondoki. Kwenye disaini nataka pampu moja ya mkono au inayoendeshwa na aproni yenyewe, inayopeleka oili kwenye kila uso wa sadeli kwa njia yake, na kila njia iwe na kizuizi chake kidogo cha kupimia, maana bila kizuizi oili yote inakimbilia penye nafasi kubwa, yaani penye kulika, na kule penye kubana panakauka. Mifereji ya oili chini ya sadeli ianzie katikati na isifike kwenye kingo, ikifika ukingoni oili inamwagika nje kabla haijafanya kazi.

Tukirudi kwenye kupanga pa kulikia. Kuna mambo ambayo wazee wa mashine waliyaweka na yanastahili kubaki. Telistoki iwe na reli zake za ndani na kareji ziwe na zake za nje, ili kareji ikilika telistoki isipoteze senta kwa sababu ya hilo, na zaidi zile reli za telistoki karibu na chaku huwa hazijaguswa kwa hiyo unakuwa na kipimo cha asili cha kulinganishia. Jingine ni kwamba vipimo vya kupokelea lethi mpya, kuanzia vile vya mhandisi Mjerumani Schlesinger vya mwaka 1927, vinataka reli ya mbele iwe imenyanyuka kidogo katikati, kama milimita 0.02 kwa mita, kamwe isiwe imebonyea. Spindeli nayo inaruhusiwa kuelekea juu na kuelekea kwa kisu kwa upande wa mbele, si chini wala si kinyume. Yaani kosa linalokubalika linawekwa upande ambao kulika na uzito wa kazi vitalipunguza, siyo kuliongeza. Mashine inapita kwenye usahihi wake ikiwa njiani badala ya kuanza kwenye usahihi na kushuka tu. Ukibuni lethi hata ya kujitengenezea, hilo halina gharama, ni kuamua tu upande wa kosa.

Hatua kubwa zaidi ni reli za kubadilisha. Badala ya kuchonga reli kwenye kasti ya bedi, unafunga vipande vya chuma kilichohadeniwa na kusagwa. Hardinge HLV-H ilitumia bedi ya chuma kigumu iliyofungwa juu ya msingi na ni moja ya lethi zilizotunza usahihi wake vizuri sana. Mimi ningeenda mbele kidogo, kipande cha reli kingetengenezwa na mashimo yenye ulinganifu ili ukigeuze ncha kwa ncha, ile sehemu bikira ya kule mwisho inakuja kufanya kazi karibu na chaku. Unapata maisha ya pili kwa reli ileile. Inadai uso wa chini wa kipande na wa bedi visagwe vizuri sana, bolti zikaribiane, la sivyo kipande kitapinda kwa mikazo ya bolti, ila inafanyika.

Upande wa sadeli weka plastiki ya PTFE (jamii ya teflon) yenye bronzi kama Turcite B, inagandishwa kwa gundi ya epoksi kisha inakwanguliwa. Msuguano unashuka, ule mtikisiko wa kareji kuruka kidogo kidogo ikienda polepole unaisha, na chuma hakigusi chuma. Kulika kunaenda kwenye plastiki ambayo ukichoka nayo unaibandua na kuweka nyingine. Ila narudia, plastiki nayo inameza chembe, kwa hiyo bila waipa umejitengenezea msasa mrefu.

Spindeli nitaigusa haraka. Watu wanadhani bushi za spindeli zinalika chini kwa sababu ya uzito. Kisu kikiwa mbele, kazi inakigonga ikishuka, kwa hiyo kisu kinaisukuma kazi juu, na mkanda unavuta kwa upande wake. Kwa hiyo bushi zinaweza kulika juu na kwa upande wa mkanda pia. Marekebisho ni puli ikae kwenye bearingi zake yenyewe na kuisukuma spindeli kwa kuizungusha tu, mvuto wa mkanda usifike kwenye bearingi za spindeli. Lidi skrubu iachiwe kazi ya kukata nyuzi, kukereza kwa kawaida kuendeshwe na fidi rodi (fimbo ya kuendesha kareji), maana nyuzi nazo hukatwa karibu na chaku na skrubu ikilika pale pichi ya nyuzi zako (umbali wa uzi hadi uzi) inabadilika katikati ya kazi.

Sasa mashine yako mkuu. Usihadeni bedi ya zamani kwa moto, itapinda, na baada ya hapo haikwanguliki kwa mkono, lazima ipelekwe kwenye mashine kubwa ya kusaga bedi. Kama utaipeleka kusagwa kwa vyovyote hapo sawa, hadeni kwanza kisha saga, kama hutaipeleka acha.

Kabla ya kulaumu kulika hakikisha bedi haijapinda. Weka pima maji ya fundi mitambo, ile ya 0.02 kwa mita, kukatiza bedi upande wa hedistoki na upande wa telistoki, rekebisha miguu mpaka zisome sawa. Bedi iliyopinda inakata tepa inayoendelea taratibu urefu wote. Bedi iliyolika inakata vizuri mbali alafu inaharibika ghafla ukikaribia chaku. Ukikereza fimbo ndefu yenye kola kadhaa utaona tofauti, na bedi ikiwa imepinda ukaendelea kuitumia inazaa kulika kwa upande kwa sababu sadeli inakalia kona.

Kisha funga dayo geji (geji ya mshale) kwenye kareji ncha iguse reli ya telistoki, anza kule mwisho ambako hapajalika, weka sifuri. Sogeza kareji polepole kuelekea chaku. Mwanzo mshale unatulia, kisha kuna sehemu unaanza kuondoka, andika umbali wake na usomaji kila milimita 50. Fanya kwa mbele na kwa nyuma kisha toa moja kwa nyingine. Ile tofauti ndo inayokuinamisha, usiangalie jumla peke yake. Tofauti ikiwa chini ya 0.02 wewe shughulika na sadeli, waipa na oili tu, bedi iache. Ikiwa kubwa kama nilivyopiga hesabu hapo juu, bedi isagwe au ikwanguliwe kwanza, NDIPO sadeli iwekwe Turcite. Ukiweka plastiki juu ya bedi iliyolika itakaa vizuri sehemu moja tu na kwingine itabembea kama mwanzo.

Wakati wa kuweka hiyo plastiki pima pia aproni imeshuka kiasi gani, angalia tundu la lidi skrubu kwenye aproni na senta ya skrubu yenyewe upande wa giaboksi. Unene wa plastiki urudishe hicho kimo ili skrubu, fidi rodi na pinioni kwenye raki vikae mstari mmoja tena. Plastiki yenyewe mara nyingi inaanzia kama milimita 0.8 kwa unene kwa hiyo mara nyingi utahitaji kusaga chini ya sadeli kidogo kuipa nafasi. Kama sadeli yako ni fupi na una mtu wa kuchomea kasti vizuri au unaweza kufunga bawa kwa bolti na pini, ongeza bawa la kushoto lipite chini ya chaku, hapo utakuwa umebadilisha disaini kweli na siyo kurudisha ugonjwa kwenye siku yake ya kwanza.

Lete usomaji wa dayo geji wa mbele na nyuma, umbali wa reli zako, na urefu wa sadeli kutoka ncha hadi ncha, tukokotoe wote hapa kisu chako kinarudi kiasi gani kabla hujatoa hela kwa mtu yeyote.